Namna ya kurekodi simulizi za msanii mzee kuhusu Hollywood ya zamani, magenge ya mafia na vifo vyenye utata

Katika miji ya Nyanda za Juu Kusini bado wapo wazee waliomaliza ujana wao jukwaani au nyuma ya projekta: waliopiga besi katika bendi za dansi, waliochekesha watazamaji kabla ya taa kuzimwa, waliobeba makopo ya filamu kutoka stendi ya mabasi hadi ukumbini. Ukikaa na mmoja wao Mwanjelwa, Kihesa au Tukuyu na mazungumzo yakanoga, haipiti saa moja kabla hajafika Hollywood. Atakusimulia kifo cha Marilyn Monroe kwa uhakika wa mtu aliyehudhuria mazishi, kisha atahamia kwa mwimbaji Frank Sinatra na mafia, kisha kwa mwigizaji John Wayne aliyekuja kuwinda kwetu.

Simulizi ya namna hiyo imebeba habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni habari ya Marekani, nayo ina majalada, hukumu na ripoti ambazo mtu yeyote anaweza kuzifuatilia. Ya pili ni habari ya jinsi mambo ya Los Angeles yalivyofika Iringa au Mbeya, nani aliyaleta, kwa gazeti gani, kwa redio ya nani, na yaliongezewa nini njiani. Hiyo haimo katika jalada lolote, imo kichwani mwa mzee huyo peke yake. Warekodi wengi huikimbilia ile ya kwanza kwa sababu inavutia, na kwa maoni yangu wanaacha mali na kuokota maganda. Maelekezo yanayofuata yanalenga kukuwezesha kuzichukua zote mbili bila kuzichanganya.

Kabla ya kubisha hodi

Usiende bila kujua matukio yenyewe. Tenga kurasa chache za daftari, uandike kila tukio, tarehe yake, mahali lilipotokea na uamuzi uliotolewa na mamlaka, ili mzee akitaja jina ujue tuko mwaka gani. Anza na mwongozaji William Desmond Taylor, aliyepigwa risasi nyumbani kwake Los Angeles mwanzoni mwa Februari 1922 na hakuna aliyewahi kushtakiwa. Andika Thelma Todd, mwigizaji wa vichekesho aliyekutwa amekufa ndani ya gari Desemba 1935 kwa hewa ya kaboni monoksaidi. Andika Bugsy Siegel, aliyepigwa risasi kupitia dirishani huko Beverly Hills tarehe 20 Juni 1947, miezi sita tu baada ya hoteli yake ya kamari, Flamingo, kufunguliwa Las Vegas. Andika Johnny Stompanato, mtu wa genge la Mickey Cohen, aliyechomwa kisu Aprili 1958 nyumbani kwa mwigizaji Lana Turner na binti wa mwigizaji huyo, aliyekuwa na miaka 14. Baraza la uchunguzi liliamua kwamba mauaji hayo yalikuwa na sababu ya haki. Monroe ni Agosti 1962, mwigizaji Natalie Wood ni Novemba 1981. Orodha hiyo inatosha kwa kikao cha kwanza.

Suala la magenge linahitaji maandalizi ya ziada, kwa kuwa ndilo linalotiwa chumvi kuliko yote. Mzee akikuambia kwamba mafia walikuwa wakiiendesha Hollywood, usicheke. Katika miaka ya 1930, genge la Chicago lililokuwa la Al Capone lilijipenyeza katika IATSE, chama cha wafanyakazi wa kumbi za maonyesho, ambacho waendesha projekta wa Marekani walikuwa wanachama wake. Mwaka 1934 George Browne akawa rais wa chama hicho, na mkono wake wa kulia akawa Willie Bioff. Mbinu yao haikuhitaji bunduki kila siku, kwa sababu opareta akigoma hakuna onyesho, na ukumbi usioonyesha filamu hauuzi tiketi. Wamiliki wa kumbi za Balaban & Katz huko Chicago walitoa dola 20,000 ili mambo yaende; baadaye kampuni kubwa za filamu zikatakiwa kutoa dola 50,000 kila moja kwa mwaka, na ndogo dola 25,000. Kilichowafichua ni hundi ya dola 100,000 ambayo Joseph Schenck wa Twentieth Century-Fox alimwandikia Bioff, hundi ambayo wakaguzi wa kodi waliifuatilia mpaka mwisho wake. Schenck mwenyewe alifungwa, Browne na Bioff walitiwa hatiani mwaka 1941, na Bioff alipogeuka shahidi, wakubwa wa Chicago nao wakafikishwa mahakamani. Frank Nitti, mmoja wao, alijipiga risasi Machi 1943 mashtaka yalipomfikia. Bioff alijificha kwa jina lingine huko Arizona hadi Novemba 1955, bomu lilipolipua gari lake.

Nimeirefusha habari hiyo kwa makusudi. Ukimsimulia opareta mstaafu wa Mbeya kisa cha Bioff, ataelewa papo hapo nguvu iliyokuwa mikononi mwa mtu wa chumba cha projekta, na hapo ndipo unapomuuliza swali lako la kweli: ukumbini kwenu, siku ukiumwa, nani alionyesha? Mwenye ukumbi alikufanya nini ulipodai nyongeza? Hivyo mafia wa Chicago watakuwa wamekufungulia mlango wa historia ya kazi katika mji wako.

Kikao chenyewe

Nenda asubuhi, kama saa nne, mzee akiwa amekwisha kunywa chai na hajachoka. Kuanzia Novemba hadi Aprili angalia mawingu kabla ya kutoka, kwa sababu mvua ya Mbeya ikishuka juu ya bati hakuna simu wala kinasa sauti kitakachoisikia sauti ya binadamu; mwombe mkae kwenye chumba chenye dari, au mwahirishe. Mwezi wa Juni na Julai tatizo ni baridi. Wenyeji wako watataka kuingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha ili kelele za nje zisiingie kwenye rekodi. Kataa kwa heshima. Hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa ni ileile iliyomuua Thelma Todd, na kila msimu wa baridi inaua watu katika mikoa yetu. Mpe mzee blanketi, acha dirisha wazi, uvumilie kelele za bodaboda.

Salamu zisiharakishwe. Shikamoo haikwepeki, lakini ukiongeza “Kamwene” kwa mzee wa Kihehe au Kibena, au “Ugonile” kwa Mnyakyusa, kikao kinaanza na mlango umefunguka nusu. Mwache akuulize wewe ni wa ukoo gani na umefuata nini. Baada ya hapo mweleze wazi kwamba unataka kurekodi, sauti itatumika wapi, na kwamba anaweza kusema “hili zima” wakati wowote. Washa kinasa, useme tarehe, mahali, jina lako na lake, kisha umwombe arudie kwa kinywa chake kwamba amekubali. Simu iwekwe katika hali ya ndegeni, ilazwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza tupu inayopokea kila kishindo cha kikombe. Jaribu dakika moja na uisikilize kabla ya kuendelea.

Maswali yanayoharibu kazi ni yale yenye jibu ndani yake. “Mzee, ni kweli mafia walimuua Marilyn?” ni swali linalomtaka awe mpelelezi, naye kwa kuwa ni msanii hatakuangusha: atakupa upelelezi. Muulize hivi: “Babu, ulipopata habari kwamba Marilyn amefariki ulikuwa wapi, na nani alikuambia?” Mpiga besi mmoja wa zamani wa Iringa, alipoulizwa swali la namna hiyo, alinyamaza, akavua kofia, akasema:

“Mjukuu wangu, mimi sikuambiwa. Niliisoma kwenye gazeti lililofungiwa karanga. Halafu Jumamosi tukaenda sinema, huyo hapo anacheka. Nikamwambia mwenzangu, mbona wanasema amekufa? Akanijibu, nyamaza, tumelipa.”

Sentensi hizo chache zinatueleza mengi: kwamba habari ilimfikia ikiwa imechakaa, kwamba gazeti lilisomwa baada ya kufungia karanga, kwamba filamu zake ziliendelea kuonyeshwa huku watazamaji wakijua au wasijue kwamba hayupo. Hakuna ripoti ya Los Angeles yenye mambo hayo.

Tarehe huwa ngumu, na wazee wengi hawahesabu kwa miaka. Tumia matukio ambayo kila mtu wa huku anayashikilia: fuvu la Mkwawa kurudishwa Kalenga mwaka 1954, Uhuru wa Desemba 1961, Azimio la Arusha la 1967, Wachina wakijenga TAZARA mwanzoni mwa miaka ya 1970, vita ya Kagera, kifo cha Sokoine Aprili 1984. Uliza kama jambo lilitokea kabla au baada, na kama wakati huo alikuwa ameoa. Uliza pia chombo: aliiona wapi? Ukumbi wa sinema, gari la sinema la serikali uwanjani, banda la video la miaka ya 1980, banda lenye msimuliaji wa Kiswahili kama Lufufu, au televisheni, ambayo Tanzania Bara ilianza kurusha matangazo mwaka 1994? Jibu la swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu msimuliaji wa bandani alikuwa na ruhusa ya kuongeza maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyaandika, na maneno hayo leo ni sehemu ya kumbukumbu ya mzee wako.

Mwombe picha na vitu. Sanduku la bati chini ya kitanda likifunguliwa, mzee anakumbuka mambo ambayo maswali yako yasingeyafikia kamwe. Kila picha igeuze nyuma: muhuri wa studio, jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino, tarehe iliyofifia. Piga picha pande zote mbili bila kuitoa nyumbani.

Na usimsahihishe akiwa anasimulia. Andika alama pembeni ya daftari, uendelee kutikisa kichwa.

Kuchuja

Ukifika nyumbani, andika neno kwa neno ulichorekodi, halafu chora safu tatu: aliyoyaona kwa macho, aliyoyasikia kwa watu, na aliyoyatazama kwenye filamu. Ugumu uko katika kugundua kwamba sentensi moja inaweza kukaa katika safu zote tatu, na mfano mzuri kuliko yote ni kisa cha Sinatra, ambacho utakisikia kwa namna moja au nyingine kila mahali.

Kwa kawaida kinasimuliwa hivi. Sinatra alikuja Afrika Mashariki akiwa hana kazi, mkewe ndiye staa. Mafia wakamtisha mwenye kampuni ya filamu. Yule bwana akaamka asubuhi akakuta kichwa cha farasi wake kitandani. Sinatra akapewa kazi, akapata tuzo. Kivunje kipande kwa kipande. Ni kweli kwamba Novemba 1952 mkewe, Ava Gardner, alikuja kuigiza katika Mogambo, iliyoongozwa na John Ford, pamoja na Clark Gable na Grace Kelly, na kwamba sehemu ya filamu hiyo ilipigwa Tanganyika, upande wa mto Kagera. Ni kweli kwamba Sinatra alifuatana naye na kwamba wakati huo nyota yake ilikuwa imefifia. Ni kweli pia kwamba aliruka kurudi Marekani kujaribiwa kwa nafasi ya askari Maggio katika filamu ya Columbia, akaipata, na nafasi hiyo ikampa Oscar mwaka 1954. Kuhusu sababu ya kupewa, yapo maelezo yasiyo na bastola: Ava Gardner alizungumza na mke wa Harry Cohn, mkuu wa Columbia, na Eli Wallach, aliyekuwa akifikiriwa kwa nafasi hiyohiyo, alikwenda kuigiza jukwaani New York. Urafiki wa Sinatra na wakubwa wa magenge haukuwa uzushi. Mwaka 1963 aliachia leseni yake ya kamari Nevada baada ya Sam Giancana wa Chicago kuonekana katika hoteli ya Cal-Neva aliyokuwa na hisa. Ila ushahidi kwamba magenge ndiyo yaliyompatia nafasi ya Maggio haujawahi kutolewa.

Kisha kichwa cha farasi. Kinatoka katika The Godfather, riwaya ya 1969 iliyogeuzwa filamu mwaka 1972, ambamo mna mwimbaji wa kubuni ambaye watu wengi walimhusisha na Sinatra. Kwa hiyo mzee hawezi kuwa alikisikia mwaka 1953, hata akiapa. Hapa mrekodi asiye makini hufuta kipande hicho na kuona amesafisha. Kitunze, kwa sababu kinakupa tarehe: kisa hiki, kwa umbo alilonalo mzee wako, kilishonwa baada ya 1972, na sasa unaweza kurudi kwake kumuuliza nani alionyesha filamu ile mjini, na watu walikuwa wakisema nini walipotoka nje. Kosa la tarehe limekupa historia ya ukumbi.

Kwa njia hiyohiyo pima habari za Monroe. Mchunguzi wa vifo wa Los Angeles alisema alikufa kwa wingi wa dawa za usingizi na kwamba huenda alijiua. Mwaka 1982 ofisi ya mwendesha mashtaka iliipitia kesi upya na haikupata ushahidi wa mauaji. Ikiwa simulizi ya mzee inamtaja Giancana na shirika la ujasusi la CIA, kumbuka kwamba ushirikiano wao dhidi ya Fidel Castro ulichunguzwa na kamati ya Seneti mwaka 1975, na Giancana aliuawa nyumbani kwake Juni mwaka huohuo kabla ya kufika mbele ya kamati hiyo. Mtu wa Tukuyu hakuyajua hayo mwaka 1962. Kwa Natalie Wood, andika tu kwamba alizama karibu na kisiwa cha Catalina, kwamba jalada lilifunguliwa tena mwaka 2011, na kwamba mwaka uliofuata sababu ya kifo iliongezewa maneno ya kuonyesha kwamba mazingira hayakujulikana yote. Hakuna aliyeshtakiwa, na wewe usimshtaki mtu kwa niaba ya mzee.

John Wayne ni kesi tofauti, kwa sababu hapa mzee anaweza kuwa shahidi wa kweli. Filamu yake, Hatari!, ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, na vijana wa kusini waliokwenda kutafuta vibarua huko walikuwepo. Akisema alikuwa Momella, ilikopigwa filamu hiyo, usimuulize kuhusu Wayne, maana Wayne kila mtu anamjua. Muulize alilipwa shilingi ngapi, na nani, alilala wapi, wanyama waliokamatwa walilishwa nini. Aliyekuwepo atakuwa na malalamiko kuhusu posho. Ambaye hakuwepo atarudi kwa Wayne.

Kuandika na kuhifadhi

Katika maandishi ya mwisho, acha maneno ya mzee yabaki kama alivyoyasema, pamoja na Kihehe au Kinyakyusa chake, na uhakiki wako uuweke chini ya kila sehemu kwa aya fupi iliyotenganishwa waziwazi. Usiingize masahihisho yako ndani ya kinywa chake. Msomaji aone vyote viwili, mzee anavyokumbuka na jalada linavyosema, akiwa na uhuru wa kucheka au kushangaa mwenyewe.

Tahadhari kubwa si kwa ajili ya Beverly Hills. Bugsy Siegel hatakupeleka mahakamani, lakini mpiga tarumbeta wa Njombe anayedaiwa kutoroka na vyombo vya bendi mwaka 1974 anaweza, na wanawe pia. Mazungumzo kuhusu Hollywood yana kawaida ya kuteleza na kuingia katika mapenzi, madeni na ushirikina wa wenzake wa zamani, tena kwa majina. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zinakuhusu wewe uliyeweka sauti mtandaoni, hata kama maneno ni ya mzee. Kata majina ya walio hai kwenye nakala ya kusambaza, lakini kwenye nakala ya kuhifadhi usikate chochote. Iweke imefungwa na maelezo ya lini inaruhusiwa kufunguliwa.

Malipo nayo yapangwe mapema. Kumpelekea sukari, sabuni na nauli ya bajaji ni adabu. Kumlipa kwa kila kisa ni kununua visa vipya, na msanii aliyelipwa kwa kila kisa hatakosa kisa.

Jina la faili liwe na tarehe, mji na fani yake, kwa mfano mwaka kwanza, kisha Iringa, kisha besi, ili miaka kumi ijayo mtu alipate bila kukutafuta. Tunza nakala mbili mahali tofauti, na ukizungumza vizuri na maktaba ya mkoa au makumbusho ya Boma pale Iringa, uliza kama watapokea ya tatu. Ya mzee mwenyewe usimtumie kwa simu. Mwekee kwenye kadi ya kumbukumbu inayoingia katika redio yake ndogo ya sola, uikate vipande vya dakika kumi kumi, kwa kuwa redio hizo hazirudishi nyuma vizuri, na atataka kurudia pale alipochekesha.